Vifungo vya Shati la Shule

Mwanangu,

Chakula kimefunikwa jikoni. Usitembee peku karibu na kabati, vipande vya kikombe ulichomrushia mtoto bado vipo.

Nimeondoka na mwanao Kipusa. Nampeleka kwa mtaalamu wa tiba kazi, yule anayefundisha vidole vya watoto kushika na kufunga. Jirani yetu fundi cherehani ndiye aliyetutafutia. Alipiga simu sehemu nne huku akimwekea mtoto barafu. Mungu ambariki.

Ulimfokea mtoto, "Jana uliweza, leo unanifanyia jeuri!" Ukamraruria shati, ukamchapa mkanda vidoleni mpaka damu ikatoka. Mwanangu, jana hakuweza. Hajaweza hata siku moja. Mimi ndiye niliyekuwa namfungia vifungo kila asubuhi kabla hujaamka, tukakuficha kwa kukuogopa. Leo nilichelewa bafuni. Kosa hilo ni langu. Mkanda ni wako.

Nao nimeukatakata kwa mkasi. Kazini nenda umeshika suruali. Bega langu uliloligonga ukutani uliponisukuma limevimba, nitamwonyesha daktari na sitamdanganya.

Nimeona umeokota vifungo vyote ukaviweka kwenye kisahani. Hilo pia nimeliona.

~~Usitufuate.~~

Miadi ni saa tano, zahanati iliyo nyuma ya posta. Mtaalamu anataka mzazi awepo. Nilimuuliza Kipusa, "Baba aje?" Akaficha mikono mgongoni.

Njoo. Lakini kaa mbali naye, mpaka aitoe mikono mwenyewe.

Mama yako