Mkeka wa Boneti

Jumapili, 3 Agosti 1952
Gari limewaka asubuhi kwa kuzungusha hendeli mara moja tu. Raha! Nimekwenda Miteja kuchukua mchele wa harusi. Nikazima, nikalifunika boneti kwa mkeka wa mama kama kawaida. Kurudi, halitaki. Limekuja kuwaka alasiri, lilipopoa. Na Ijumaa nampeleka dada yangu Mwanaisha kwa mumewe, Kiswere. Kwa gari langu mwenyewe! Kivinje nzima nimeshaitangazia. Mdomo wangu huu!

Jumatatu, 4 Agosti
Plagi nimezisugua. Cheche safi. Nikazunguka mji, nikazima sokoni, nikafunika. Wapi! Watu wamenisukuma huku wakicheka. Mjomba Athumani kasema harusi haingoji gari lipoe, atakodi lori la chumvi. Nimekasirika, nikalala bila kula.
Mama anasema ni husuda. Tangu mzungu wa shamba la katani aniuzie gari alipokuwa akirudi kwao, macho ya mji mzima yako juu ya injini. Ndiyo maana mama alinisukia mkeka, wa kuificha. Namwamini.

Jumanne, 5 Agosti
Nimefunika mkeka, na gunia juu yake. Limezidi kukataa! Mjomba kanipa mpaka kesho. Mwanaisha kanifuata uani analia. Hataki kushushwa kwa wakwe toka juu ya lori la chumvi. Kasema: Kaka, uliniahidi. Ndiyo, nilimwahidi.

Jumatano, 6 Agosti
Limewaka! Limewaka likiwa moto!
Nimerudi na kuni, nikazima, natafuta mkeka, kumbe akina mama wameukalia wanachambua mchele. Basi, nikaliacha wazi, nikanywa chai. Nikapiga hendeli bila matumaini. Likanguruma!
Nikazima, nikafunika gunia makusudi. Likagoma. Nikainua boneti, nikashika mrija wa petroli. Lahaula, unaunguza! Ndani petroli inachemka, haifiki kwenye injini. Nikauviringishia kitambaa kilicholowa, nikasubiri kidogo. Likawaka.
Husuda gani? Mgonjwa ana homa, mimi namfunika blanketi! Nimecheka peke yangu uani mpaka machozi. Mjomba kaja, kaona likiwaka. Lori hakodi.

Ijumaa, 8 Agosti
Tumesimama Kiranjeranje kuswali. Nimeacha boneti wazi, kijiji kizima kinachungulia ndani. Mama kajifunika uso kwa kanga. Kitambaa, hendeli, likawaka! Vigelegele, nyimbo mpaka Kiswere. Mjomba kaniomba apige honi mwenyewe. Kaipiga njia nzima, mzee yule. Mwanaisha kashuka mlangoni kwa mumewe kama malkia. Sijapata kufurahi hivi.

Jumapili, 10 Agosti
Tumerudi salama. Mkeka tumemwachia Mwanaisha. Gari liko nje, boneti wazi. Nyumba kimya, hakuna wa kunitania.
Mama ameanza kuchana ukindu wa mkeka mwingine. Nikamwambia gari halitaki tena mkeka. Akasema si wa gari. Ni wa Mwanaisha kukalia, siku akija.