Oili ya Pikapu ya Ng'ombe Wangu Kumi na Wawili

Mshauri wangu, shikamoo. Usinicheke nikikuuliza habari za oili, maana mimi ni mama wa kulima mtama na mihogo hapa Nyansurura na usukani sijawahi kuushika, ila nilipoolewa walikuja ng'ombe kumi na wawili na kaka yangu Emanueli ndiye alitakiwa awatumie kuoa, ndivyo sisi Wakurya tunavyofanya, yeye akamwomba baba wauzwe anunue kwanza pikapu ya dizeli, na huu ni mwaka wa saba hajaoa, sasa Desemba anataka kupeleka mahari kwa kina Scholastica, mchumba wake, kwa jasho la gari hilo hilo.

Jumanne iliyopita jirani yangu Esta alishikwa na uchungu, mvua imeharibu njia, tukamlaza nyuma kwenye godoro, mimi nimemshika kichwa, na nakuambia lile gari lilipanda kilima kwenye tope la magotini, linanguruma taratibu tu, halikuzima hata mara moja, mpaka hospitali Mugumu, mtoto akazaliwa sisi hata tope hatujajifuta. Tangu siku hiyo nikilipita nasimama, naweka mkono kwenye boneti. 

Sasa fundi Zablon amechomoa kijiti cha kupimia, oili iko chini ya alama tena nyeusi tii, akasema imwagwe, iwekwe ya dizeli, 15W-40. Lakini binamu yetu Heche, mwenye teksi ng'ambo ya mpaka wa Sirari, ameleta zawadi, galoni la rangi ya dhahabu limeandikwa 0W-20 na SN, anasema hakuna oili kama hiyo, na kaka anaogopa kumkatalia kwa sababu Heche ndiye atakayesimama naye kwenye mahari. Ameniambia, "Dada, ng'ombe walikuwa wako, sema wewe." Nimeshindwa kusema, siku ya nne hii, na gari linaendelea kubeba mahindi.

Wegesa, Nyansurura

Wegesa, marahaba. Kwanza gari lizimwe, halafu ndiyo uendelee kusoma. Siku nne oili iko chini ya alama na bado mnapakia mahindi? Mama, hapo mmekosea sana.

Nimefungua injini za dizeli nusu ya umri wangu, na hicho kilima chako nimekisoma mara mbili. Heche amekosea kwa upendo. Oili yake ni nyepesi, ya magari madogo ya petroli, na hiyo S ya SN ndiyo inakuambia hivyo. Ya dizeli tafuta herufi C, kama CI-4. Zablon yuko sahihi, ila ahakikishe kwenye kitabu cha gari. Weusi usikutishe, oili ya dizeli inabeba masizi yasigande ndani, na mimi mpaka leo nastaajabu kwamba oili chafu hivyo ndiyo inayolinda chuma. Kuiacha ipungue ndiko kunaua injini.

Galoni liwe na muhuri mzima. Filta iwe mpya. Mkishaweka, mpime oili gari likiwa mahali tambarare, na Emanueli apime kila wiki.

Heche mpigie wewe mwenyewe. Mshukuru, mwambie hiyo oili aiweke kwenye teksi yake, aje na teksi hiyo kwenye mahari. Hatakukasirikia wewe.

Injini hiyo ikifa, Desemba hakuna mahari. Kaka yako amekaa miaka saba bila mke, na bado anakuuliza wewe kwanza. Mjibu leo.