Holten hadi Laren, Bila Gari

Jumapili, 3 Septemba

Nimepokonywa leseni. Miezi sita — kwa kifafa cha mara moja tu! Miaka ishirini na minane nafundisha watu udereva, leo mimi ndiye abiria. Nimecheka. Kidogo.

Nimemwambia mke wangu kwamba Pieterpad, ile njia ndefu ya miguu ya kuvuka Uholanzi, naendelea nayo, kipande kwa kipande, kwa treni na mabasi. Geertje hakubisha, alitoa sharti. Siku nitakayompigia simu aje kunichukua, basi, kutembea peke yangu kumekwisha.

"Hata mara moja, Wessel."

Haya. Tutaona.

Jumanne, 5 Septemba

Nimeshinda na ratiba. Kwenda ni rahisi: treni ya Deventer hadi Holten. Kurudi ndiko kwenye kazi. Laren hakuna treni, kuna basi dogo la kijiji la kwenda stesheni ya Lochem, linaloendeshwa na wastaafu wa kujitolea. Viti vinane, kusimama marufuku. La mwisho saa kumi na moja na nusu jioni.

Shemeji Harm anasema watembeaji wenzangu huacha gari kila mwisho wa kipande, mimi najifanya nani? Najifanya mtu asiye na gari, Harm.

Ijumaa, 8 Septemba

Kilomita kumi na sita! Kisigino kimechubuka, kichwa kizima. Sikuanguka.

Laren nilikuta watembeaji saba kituoni. Mimi wa nane. Basi likaja, nikaketi kama mfalme.

Kituo kilichofuata, bibi mmoja. Fimbo, shada la maua. Dereva, Mzee Roelof, akamwambia limejaa. Bibi akasema si kitu, ila dada yake wa Lochem leo anatimiza tisini, na keki huwa haimsubiri mtu. Roelof akatutazama kwenye kioo. Wale saba ghafla wakapendezwa sana na ng'ombe wa nje. Mimi pia — nikiri — niliwatazama ng'ombe wawili watatu.

Lakini basi ni la bibi. Sisi tunapita tu. Nikainuka.

"Bwana, hili ndilo la mwisho," akasema Roelof.

"Najua."

"Na mvua hiyo."

"Naiona, mzee. Endesha."

Bibi alinipa ua moja. Nimelichomeka kwenye mkoba, naonekana kama bwana harusi aliyekimbiwa.

Sasa niko kituoni, naandika juu ya goti. Lochem kilomita sita, barabara tupu, mawingu yametia giza. Simu mfukoni. Sipigi!

Imelia yenyewe. Geertje. Nimemweleza yote, hata kisigino. Akauliza kama aje. Sharti linasema nikipiga mimi. Aliyepiga ni yeye. Ningeweza kujificha hapo. Nimemwambia natembea, asije.

 Hajakata simu. Nasikia funguo za gari zikicheza mkononi mwake.