Ndege ya Mizigo na Mgongo wa Shemeji Yako

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote wawili. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba lile goti limeacha kukusumbua kwenye ngazi. Sisi huku hatujambo. Mimi jino linaniuma kidogo, jambo ambalo kazini kwetu limekuwa kichekesho cha mwaka, maana mtengeneza meno ya bandia akionekana ameshika shavu, kila mtu ana ushauri. Shemeji yako naye hajambo. Anatembea hadi sokoni na kurudi bila fimbo, na juzi aliinama kuokota kijiko kabla hajakumbuka kwamba yeye hainami.

Najua utashangaa kupata barua badala ya simu. Vumilia usome hadi mwisho.

Nianzie kwenye ndege. Miaka mitatu nimekulalamikia kuhusu ndege hizo, lakini sijawahi kukueleza vizuri zilikotokea. Unakumbuka shemeji yako alivyoanguka kwenye shimo la lifti, akibadilisha kamba za chuma. Ilikuwa ghorofa moja tu, lakini mgongo hauhesabu ghorofa. Miezi minne alilala akitazama dari. Mtu aliyezoea kunisimulia lifti za mji mzima kwa tabia zao, hii ina kiburi, ile ina kwikwi, akawa kimya kama maji ya mtungi. Mtaalamu wa mazoezi wa hospitali akamwamuru aketi kwenye kiti kigumu, mgongo wima, saa nzima asubuhi na saa nzima alasiri. Siku ya tatu akagoma. Alisema kukaa saa nzima ukitazama ukuta ni kifungo, na yeye hajaiba cha mtu. Yule mtaalamu, binti mmoja mcheshi mwenye mikono ya nguvu kama mkanda unga, hakubishana naye. Kesho yake alikuja na boksi la ndege ya plastiki ya kuunganisha, lililokuwa limelala miaka kabatini kwa mjomba wake, akamwekea mezani na kumwambia, “Haya, hii haijengeki mtu akiwa amelala.”

Ndani mlikuwa na fremu za plastiki ya kijivu na vipande vimeshikana nazo kwa vijiti: nusu ya bawa, gurudumu dogo kuliko dengu, kiti cha rubani ambacho ungeweza kukimeza pamoja na kidonge. Kila kitu kimepunguzwa mara sabini na mbili kuliko ndege yenyewe. Unakata kipande, unakipiga msasa, unakigandisha kwa gundi, unangoja, unapaka rangi, unangoja tena. Ile ya kwanza ilitoka vibaya. Kioo kilijaa alama za vidole, na bawa moja lilining'inia kama limechoka na maisha. Lakini alikaa saa mbili bila kusukumwa na mtu, na niliporudi kazini alinisimulia habari zake tangu mlangoni hadi jikoni. Nilikuwa sijaisikia sauti yake ikipanda hivyo tangu aanguke.

Basi zikaja nyingine. Hizo ndizo ulizosikia kwangu: kabati la vyombo limegeuka uwanja wa ndege, nyumba inanuka gundi, brashi yangu ya nyusi imepotea na kurudi na rangi ya kijeshi. Nilipokuambia nimehesabu kumi na tisa, ulinishauri nimwambie achague moja, mke au plastiki. Sikumwambia. Niliogopa angeomba muda wa kufikiri.

Sasa nikueleze nisichowahi kukueleza. Mwaka juzi, Jumamosi moja nikifuta vumbi, kiwiko changu kiligonga ndege ya mizigo, ile kubwa yenye injini mbili ambayo aliishughulikia miezi mitano. Ikaanguka. Mguu wa gurudumu la kushoto ukakatika vipande vitatu. Mwenyewe alikuwa mazoezini, hatarudi hadi saa saba. Nilisimama na ndege mkononi, mtu mzima mimi, moyo unadunda kama wa mtoto aliyevunja glasi ya wageni. Halafu nikajikaza kisabuni, nikaifunga ndege kwenye khanga na kutoka nayo.

Karakana yetu iko mwendo wa dakika kumi, ufunguo ninao, na Jumamosi hakuna mtu. Nikatoboa vile vipande kwa keekee yetu ndogo kabisa, nikapitisha ndani yake waya mwembamba tunaotengenezea vishikio vya meno, nikaunganisha, nikaziba, nikasugua. Kisha nikachanganya rangi. Kwa rangi, dada, sijisifu bure. Mtu akija kwangu amebaki na jino moja, kazi yangu ni kumtengenezea mengine yanayofanana nalo hata jirani yake asijue lipi ni lipi. Saa sita ndege ilikuwa kabatini imesimama kwa miguu yake yote.

Hapo nilipaswa kushusha pumzi nikaendelea na vumbi langu. Badala yake niliketi nikaitazama. Miaka ishirini na sita nimekuwa nikitengeneza vitu ambavyo uzuri wake ni kutoonekana. Nikifanya vizuri, hakuna anayejua kwamba nimefanya. Na hapa mbele yangu palikuwa na kitu kidogo kilichotengenezwa ili watu wakitazame. Nikaona wivu. Kweli kabisa, nilimwonea mume wangu wivu.

Wiki iliyofuata nilinunua boksi la ndege ile ile ya mizigo, nikalificha kwenye droo yangu kazini, chini ya vigezo vya meno vya plasta. Kila siku saa ya chakula, wenzangu wakitoka, mimi nafunga mlango. Bosi alinifumania siku moja bawa liko kwenye kibanio, akauliza kwa upole kabisa mgonjwa huyo ni nani na anatafuna nini. Nilipomweleza, alivuta kiti akatazama, na tangu hapo akawa ndiye mlinzi wangu wa mlangoni. Ilinichukua miezi kumi na moja. Viti vya marubani nilivipaka rangi ya ufizi kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu na mkono, na nikaona vimependeza.

Shemeji yako wakati huo alikuwa ameshajiunga na chama chao, kinachokutana ukumbi wa maktaba mara moja kwa mwezi. Mwenyekiti wao ni mwalimu mstaafu wa kemia, na hata wajukuu zake humwita Mwalimu. Wana maonyesho kila mwaka, na mume wangu aliamua kuipeleka ndege yake ya mizigo. Nikampigia Mwalimu kisirisiri, nikamwomba aniandikishe na mimi kwa jina la Mama Meno, asimwambie mtu. Alicheka, lakini neno lake alilitunza.

Siku yenyewe nilivaa miwani ya mbao nikasema naenda kumsindikiza. Ukumbi ulikuwa na meza ndefu zenye vitambaa vyeupe, ndege kama sitini juu yake, na watu wanapita polepole mikono nyuma, kama wanaotembelea wodi ya watoto wachanga. Mwamuzi alikuwa rubani mstaafu mwenye kioo cha kukuzia na kurunzi ndogo kama kalamu. Alichungulia hadi tumboni mwa kila ndege. Ilipofika zamu ya kutangaza, wa pili alikuwa shemeji yako. Wa kwanza, Mama Meno. Mume wangu ndiye aliyeanza kupiga makofi.

Kisha akaenda kuiona. Alichuchumaa mbele yake, mgongo wima kama alivyofundishwa, akakaa hapo muda mrefu. Mimi nilisimama nyuma yake nimekumbatia mkoba. Bila kugeuka alisema, “Huyu kanishinda kwa haki. Huoni hata bawa linapoanzia.” Akaazima ile kurunzi, akamulika dirishani. Akasogeza jicho karibu. Halafu akasema taratibu, “Mke wangu, hivi viti ni rangi ya ufizi.”

Nikamjibu kwamba ndiyo, ni ya ufizi.

Alicheka, dada, mpaka akashikilia meza na Mwalimu akaja mbio na kiti. Alipopata pumzi aliniambia kwamba ule mguu uliokatika alijua tangu wiki ile ile, kwa kuwa uligeuka kuwa na nguvu kuliko mwenzake. Alidhani nimeupeleka kwa fundi fulani, akanyamaza asinitie haya. Kumbe mwaka mzima tulikuwa tunafichana, kila mtu kwa heshima zake. Tulirudi nyumbani kwa miguu, yeye kabeba yangu, mimi nimebeba yake.

Sasa meza ni yetu wote. Yeye anashika injini na vya ndani, mimi maungio na rangi. Tuna taa mbili, kwa sababu moja ilikuwa inaleta ugomvi, na ugomvi uliobaki ni wa redio tu: yeye anataka mpira, mimi nataka kimya. Jumapili zinapita hatujui zimepitaje. Wakati mwingine ananyoosha mkono bila kusema, nami ninajua anataka kibanio. Ni miaka mingi sijawa na raha hivi nyumbani kwangu, na ndiyo maana ninaloandika sasa linanipa tabu.

Maonyesho yale yalikuwa Jumamosi ile ile ya mahafali ya mwanao, binti yetu sote.

Nilikupigia Alhamisi nikakuambia siwezi kuja kwa sababu mgongo wa shemeji yako umezidi na siwezi kumwacha peke yake. Haukuzidi. Haukuwa na chochote. Siku ile alikuwa jikoni anapiga mluzi. Yeye nilimwambia kwamba kadi za kuingilia mahafali zilikuwa mbili tu, yako na ya baba yake. Nilikuwa nimeshapewa ruhusa ya Ijumaa kazini ili nisafiri, nguo nimeshapiga pasi. Nilitaka tu kuwepo wakati watu wanaitazama ile ndege. Uliposema pole, mdogo wangu, usijali, mwangalie mgonjwa, niliipokea ile pole kana kwamba ni yangu.

Mtoto niliyemfundisha kufunga kamba za viatu akavaa joho, na mimi mama yake mdogo nikawa nimesimama kwenye ukumbi wa maktaba. Sitakudanganya mara ya pili nikuambie kwamba siku ile nililia. Nilikuwa na furaha. Hilo ndilo linaloniumiza zaidi nikilikumbuka.

Na tangu siku hiyo wewe umemkasirikia mtu asiye na kosa. Ulisema kwamba mgongo wa mume wangu unajua kuchagua tarehe. Mimi, badala ya kukusahihisha, nilicheka. Umeacha kumtumia salamu, na mimi nimekuwa nikimletea salamu za uongo nilizotunga mwenyewe.

Jumapili iliyopita ulipiga simu nikiwa naoga, akapokea yeye. Alikuamkia vizuri. Ukamuuliza tu kama mwenyewe nipo, aliposema niko bafuni ukakata. Nilipotoka nilimkuta bado ameishika simu. Aliniuliza amekukosea nini. Alikuwa anajikumbusha kwa sauti, labda ni ile zawadi ya mtoto tuliyochelewa kutuma, labda ni neno alilosema kwenye msiba wa shangazi, na alikuwa tayari kukuomba radhi kwa lolote lile utakalotaja. Hapo nikashindwa. Nikaketi na taulo langu kichwani nikamwambia yote.

Safari hii hakucheka. Alikwenda mezani akaosha brashi zote, hata zilizokuwa safi. Alipomaliza aliniambia, “Mwandikie. Usimpigie. Ukimpigia utamchekesha, na jambo litapita bila kusemwa.” Ananijua. Nawe unanijua. Tangu utotoni nimetoka kwenye kila kosa kwa mlango wa mzaha, na wewe ndiye uliyekuwa unanifungulia.

Kwa hiyo nasema bila mzaha: nilikudanganya, nilimkosea mwanao, na nilimtwika mume wangu mzigo wangu bila yeye kujua. Nisamehe utakapoweza, si lazima iwe leo. Barua niliyomwandikia binti yetu iko ndani ya bahasha hii hii, imefungwa. Mpe siku utakayoona inafaa. Mwisho wa mwezi nakuja mwenyewe kuyarudia haya mbele yenu. Ukinifungia mlango, nitaketi kibarazani na mfuko wangu mpaka majirani waanze kuuliza maswali. Shemeji yako alitaka tuje wote, nimemkatalia. Nisije nikajificha nyuma yake tena.

Ombi langu ni moja. Jumamosi alasiri mimi nakuwa sokoni, na yeye yuko nyumbani peke yake. Mpigie. Usimwombe radhi, atababaika. Mwite shemeji, kama zamani, halafu umwache aongee.

Nisalimie baba watoto na wote hapo nyumbani.

Ni mimi mdogo wako,
Sindano