Kama Ungeniruhusu Kupanda Farasi

Mama,

Baba ameniuliza swali ambalo ni wewe tu ungeweza kulijibu, na kesho jioni anataka jibu. Nimejaribu kukisia, nimeshindwa. Ndiyo maana nakuandikia.

Nyumbani tupo. Mdogo wangu Zuhura analala upande wako wa kitanda na hataki foronya ya mto wako ifuliwe. Mimi, kwa kuwa nimeshamaliza kidato cha nne na sina pa kwenda, vitumbua napika mimi, na kila asubuhi nawapelekea wafanyakazi wa ile hoteli ya ufukweni kama ulivyokuwa ukifanya. Mchele siku hizi naupeleka mashine. Wanasema vitumbua ni vizuri, lakini wanakula vichache.

Unawakumbuka wale farasi wa hoteli wanaobeba wageni. Anayewatunza ni mwalimu Deo, mtu wa Arusha. Aliniona nikimpa maganda ya tikiti yule jike mwekundu wanayemwita Korosho, akasema anatafuta msichana wa kuwasindikiza wageni wanawake na watoto. Kazi ni yangu nikijua kupanda. Mama, nilikubali kabla sijapata muda wa kuona haya. Nilijishangaa.

Farasi akitembea, hakuna taabu. Taabu ni mwendo unaofuata, ambao hatembei wala hajatoka mbio. Mwalimu Deo anauita mchakamchaka. Unarushwa juu kama gunia kwenye lori. Ili usirushwe inabidi ukanyage vile vyuma vya miguuni, uinuke, ukae, uinuke, ukae, sawasawa na hatua zake. Siku ya kwanza Korosho alipoanza kudunda, mwalimu akapaza sauti, "Simama! Simama!" Nikavuta hatamu kwa nguvu zangu zote. Farasi akasimama. Mimi nikaendelea mpaka shingoni kwake.

Mwalimu alicheka mpaka akachuchumaa. "Wewe Somoe, nimesema usimame wewe, sijasema umsimamishe farasi." Wapishi walitoka jikoni kuangalia. Mpaka leo nikifika na ndoo ya vitumbua wananiita Simamisha.

Niliendelea kurushwa hivyo hivyo mpaka juzi. Nilikuwa nayatazama mabega ya farasi ili nijue niinuke lini, na kila mara nachelewa. Ghafla nikakukumbuka kwenye kinu. Sisi wawili, kinu kimoja, mchi wako ukipanda wangu unashuka, na mimi naogopa tutagongana. Ulikuwa ukiniambia, "Usiutazame mchi wangu, Somoe. Usikilize." Nikainua macho, nikasikiliza kwato. Mwili ukainuka wenyewe. Wewe, mimi. Wewe, mimi. Tukazunguka uwanja wote.

Nilicheka, mama. Kwa sauti, mbele ya watu. Niliposhuka nilichukua ndoo yangu nikaondoka karibu kukimbia, kutoka kule mpaka kwetu Chuno, nataka kukusimulia. Nilikuwa nimeshika pazia la mlango wetu ndipo nikakumbuka.

Nilikaa barazani. Sijui ni mtoto wa namna gani anayesahau jambo kama hilo. Tangu juzi najiogopa.

Shangazi Mwanahawa amesikia kwa madereva wa bodaboda. Alikuja na kusimama hapo uani. "Mtoto wa kike, mguu huku mguu huku juu ya mnyama, na udongo wa mama yake haujakauka?" Nilikuwa navaa suruali ndani ya dera, lakini sikusema. Unanijua. Baba hakunigombeza. Alimaliza chai yake, akaniambia, "Kama mama yako angeruhusu, na mimi naruhusu. Wewe ndiye uliyekuwa unashinda naye. Niambie angesemaje."

Nimeyapitia maneno yako yote ninayoyakumbuka. Nisitembee peku. Nisile nimesimama. Nisimwamini mtu anayesifia vitumbua bila kununua. Kuhusu farasi ulisema mara moja tu, tukiwapita: "Hawa wanakula vizuri kuliko sisi." Hapo sipati ndiyo wala hapana.

Ningeweza kumwambia baba kwamba ungekubali. Angeamini. Ana hamu ya kusikia neno lako kiasi kwamba angelipokea hata likiwa limetoka kwangu. Hilo ndilo linalonitisha. Nikikutungia neno moja leo, baadaye sitajua lipi ulisema na lipi nililitunga, na uliyoniachia si mengi. Vilevile siwezi kusema ungekataa, ili tu nisionekane mtoto mbaya. Sikuwahi kukuuliza, mama. Nilidhani muda upo.

Basi pumzika. Mungu akupe mahali pazuri, na Zuhura nitamwangalia. Na hili nakuahidi: kesho baba akirudi kutoka bandarini, nitamwambia sijui mama angesemaje. Halafu, kabla hajanyanyuka, nitamwambia kwamba mimi nataka. Nitalisema nikimtazama usoni. Akikataa, nitalia, na asubuhi nitapika vitumbua kama kawaida. Lakini atakuwa amenikatalia mimi. Wewe hutakuwa umesema kitu.

Mwanao,
Somoe