Moto wa Tofali Jeupe

Jumatatu, 9 Juni 2025

Leo tanuri letu hapa Chang'ombe limevalishwa matofali mapya. Meupe kama kanzu ya Idi. Abuzar, tajiri wetu, kanunua na bunduki ya kupimia joto – unaielekeza kwenye moto, inaleta namba. Nikamwambia hiyo akapigie mbu. Mie moto nausomaga kwa jicho tangu yeye ananyonya. Hakimwagwi chuma mpaka niite rangi: nyanya, papai, ndizi mbivu. Ndizi ndiyo tunamwaga.

Vijana wakafunua kifuniko cha tanuri. Nikatazama ukuta wa matofali ndani – papai. Bunduki nayo ikasema bado. Nikaagiza waongeze moto. Nikatazama tena, papai ile ile. Ongeza!

Kumbe chuma kilishapitiliza ndizi. Marselino, mtoto wa dada yangu, ndiye anayeshika chungu cha kumwagia. Alipomwaga, chuma kikaruka, kikatoboa buti lake. Kidole kimebabuka. Nikamtania, eti chuma kimekimbia sura yako. Akacheka.

Jumatano, 11 Juni

Naogopa. Bunduki ikikosea inarudishwa dukani. Jicho je? Taa ya sebuleni ina duara limeizunguka. Lilikuwepo siku zote? Nikamuuliza mke wangu Rosalia. Akanishika kidevu, akasema jicho la kulia lina wingu, kama tui. Na la kushoto linaanza. Nikamwambia huo ni uzuri unafurika.

Akaenda kuinjika chai.

Alhamisi, 12 Juni

Nimepona! Abuzar kampigia muuzaji wa matofali, yule wa Kurasini. Jamaa anasema tofali jeupe ni jinga la moto – joto lile lile, lakini lenyewe linang'aa hafifu kuliko kuukuu lililokula masizi. Bunduki ilitakiwa irekebishwe kwanza. Basi na mie nimedanganywa na tofali, siyo jicho. Nikatembea kiwandani kifua mbele.

Marselino akasema tuhakikishe. Tuyatie yote mawili kwenye moto, kuukuu na jeupe, tuyatoe pamoja tuyaweke mchangani. Kila mtu aone.

Wakayatoa na koleo. Kuukuu, lahaula, linawaka kama jua! Nikauliza jeupe mmelificha wapi. Nikapiga hatua kulitafuta. Marselino akanidaka shati.

"Mjomba. Lipo mbele ya kiatu chako."

Joto nililisikia kwenye ugoko. Kuona – sijaona kitu. Wenzangu wanasema lilikuwa jekundu, hafifu kidogo tu, wote waliliona. Nikasema nawatania, nilikuwa nawapima. Wakacheka. Marselino hakucheka. Kasimama pale, kidole kimefungwa kitambaa, ananitazama machoni. Jicho hili, halafu hili.

Abuzar akaja, akauliza kama kesho tunaweza kumwaga kabla hajaenda msikitini. Marselino ashike chungu, mie niite rangi.

Nikaitika kabla hajamaliza kuuliza. Marselino akakitazama kidole chake, halafu akanitazama mie.