Mbegu Tisa za Kibuyu cha Shingo Ndefu

Nyambureti,
4 Septemba 2024

Mke mwenzangu Wegesa,

Hujambo wewe, na hicho chumba chako cha Tarime hakijambo? Mimi nipo. Goti la kulia linanisema asubuhi, mchana linanyamaza. Anayeandika ni Agustina mshonaji, kwa sababu kalamu sijawahi kushika, na simu yako inaniunguruma sikioni kama mashine ya kusaga. Nimemwambia aandike ninavyosema. Akipamba nitajua, maana lazima anisomee.

Tembo walirudi Jumapili. Wameangusha ua wote wa nyuma ya jiko, wamekula vibuyu vyangu, na mashina wameyakanyaga. Vile vya shingo ndefu, unavijua. Mama yangu alikuja na mbegu yake alipoolewa, na kijijini hapa hakuna mwingine aliye nayo. Vya wenzangu vina shingo fupi kama ya Agustina. (Umeandika? Ameandika. Anacheka.)

Zimebaki mbegu tisa nilizokuwa nimezifunga kwenye kitambaa. Nikizipanda hapa, tembo watanifuata tena. Huko kwako tembo hakuna. Nakutumia zote kwa Magige, yule anayepeleka mihogo sokoni Tarime. Sikubakiza hata moja, panya wa hapa wananijua.

Najua hujawahi kuotesha hata mchicha. Najua uwani kwenu ni saruji na kuku wa mwenye nyumba. Oteshea ndani, kwenye dumu lililokatwa, karibu na dirisha. Mvua zikishika tutatafuta pa kuihamishia. Na sikiliza: mbegu hii haipewi maji matupu. Inapewa maji ya kusuuzia kibuyu cha maziwa, kila asubuhi, mpaka mche utoe kile kimkono cha kujishikia. Hivyo alifanya mama, na mimi nikafanya hivyo.

Hizo zikifa, basi tena. Hakuna pengine pa kuzipata.

Bibi yako,
Mokami

*

Tarime,
26 Septemba 2024

Bibi, shikamoo.

Pole na tembo, pole na goti. Mimi ni mzima, dukani tunauza madaftari kama kawaida.

Bibi, zimeota saba! Nilipiga kelele mpaka mama mwenye nyumba, Elieth, akaja kugonga akidhani nimeona nyoka. Akasema, "Yaani mtu mzima unalilia majani?" Lakini kesho yake nilimkuta dirishani anachungulia.

Sasa shida. Juzi mche mmoja umelala. Nikauegemeza kwa njiti ya kiberiti, ukalala na njiti yake. Jana miwili mingine. Kinachonishangaza, majani ni mabichi kabisa. Mche unaanguka ukiwa bado kijani! Nikaona ni kiu, nikaongeza maji. Leo yote minne iliyobaki imeinamisha vichwa.

Muuza pembejeo anasema huo ni ugonjwa wa kinyausi, anataka kuniuzia dawa. Ninunue? Nimekosea wapi? Nikiwaza kwamba hizi ndizo za mwisho, hata ugali haushuki.

Mjukuu wako,
Wegesa

*

Nyambureti,
1 Oktoba 2024

Marahaba mwanangu.

Kula ugali. Mche hautasimama kwa sababu wewe umelala njaa.

Huyo muuza dawa ameshaupa ugonjwa jina, lakini hajauona. Usinunue kwanza. Nijibu haya, na usinijibu kama mtu aliye mahakamani, nijibu ulichokiona.

Shina pale linapoingia udongoni likoje? Nene au limekuwa kama uzi? Mizizi ukiichomoa ni myeupe au ya kahawia? Udongo umeuchukua wapi? Ukiusogeza puani unanukia nini? Dumu umelitoboa kitako? Dirisha lako jua linaingia, au linapita tu barabarani likikusalimia?

Halafu nitumie mche mmoja uliokufa. Ufunge kwenye karatasi, umpe Magige. Agustina anasema hakuna mtu anayetuma maiti ya mboga kwa gari. Mwambie Magige ni dawa ya goti langu.

Mimi nimeotesha miaka zaidi ya hamsini na sijawahi kuona mche wa kibuyu ukilala ukiwa kijani. Nataka kujua.

Bibi yako

*

Tarime,
9 Oktoba 2024

Bibi, shikamoo.

Maiti hiyo hapo. Imebaki mitatu, mwingine ulilala Jumatatu.

Shina chini limekuwa uzi, la rangi ya chai. Mizizi ni ya kahawia, ukiivuta inavuliwa ngozi kama soksi. Udongo niliuchukua kwenye kiwanja cha jirani, ni mweusi mzuri. Juu yake pameota ukungu mweupe, na kuna vijinzi vidogo vinaruka nikigusa dumu. Kitako sijatoboa, maji yangemwagika kwenye zulia. Jua linaingia saa mbili mpaka saa nne.

Harufu ni chachu. Hapo nina jambo la kusema, na naomba usinipigie kelele kupitia kwa Agustina. Bibi, mimi kibuyu cha maziwa sina. Huku tunanunua mtindi wa pakiti. Kwa hiyo kila asubuhi nilikuwa nasuuza pakiti, na hayo maji ndiyo naipa miche. Ni ule mtindi wa pinki.

Mjukuu wako,
Wegesa

*

Nyambureti,
13 Oktoba 2024

Wegesa,

Pinki!

Tumecheka mpaka Agustina amejichoma sindano. Mama yangu angesikia mbegu yake inanyweshwa maziwa ya pinki yenye sukari angekuja na fimbo yake. Umewapa chai hao watoto. Sasa unashangaa wameharisha!

Basi ugonjwa tumeupata, ni hiyo pakiti. Nakutumia chupa ya maji yenyewe, nimesuuza kibuyu changu asubuhi hii, bado yana harufu ya moshi. Wape hao watatu. Ikiisha nitatuma nyingine.

Na ili usidhani ninabahatisha, jana nimepanda mbegu za boga kwenye makopo mawili, ndani, dirishani, kama wewe. Kopo moja nalipa maji ya kibuyu, jingine maji ya kisima matupu. Utaona la kisima litakavyonyauka, na nitakutumia maiti yake.

Usilie. Kosa la kutojua halina fimbo.

Bibi yako

*

Nyambureti,
2 Novemba 2024

Wegesa,

Salamu baadaye. Kama ile chupa bado ipo, imwage chooni. Usiwape tena!

Hujaniandikia wiki tatu na mimi najua sababu. Imekufa. Unaogopa kuniambia. Sasa nyamaza nikuambie mimi.

Kopo la maji ya kisima lina maboga manne yaliyosimama kama askari. Kopo la maji ya kibuyu yaliota manne, yamelala matatu. Shina kama uzi, rangi ya chai, harufu ileile uliyonitumia kwenye karatasi. Na mimi sina pakiti, wala sijui pinki.

Nilikaa mbele ya hayo makopo nikayatazama. Agustina akaniuliza, "Mama, unaomba?" Nikamwambia nafikiri, siyo wewe peke yako una kichwa. Nikaingiza kidole. Chini ni matope, yamechacha. Nyuma ya jiko nilikuwa namwaga maji yaleyale, lakini kule ardhi haina kitako, yanashuka na kwenda zake. Jua lilikuwa linakausha juu siku nzima, na siafu wanabeba yanayobaki. Ndani ya kopo hakuna siafu. Maziwa yanakaa, yanaoza, na mche unaoza nayo. Mama hakuwahi kuotesha ndani. Wala mimi. Nikakupa amri ya nje uifuate chumbani.

Kwa hiyo aliyeua siyo wewe. Wewe ulinitii, ukatii hata kwa pakiti. Agustina ananiuliza kama ayaandike haya. Yaandike. Mimi ndiye niliyeua mbegu ya mama yangu.

Niandikie hata kama zimekufa zote. Hasa kama zimekufa zote.

Mokami

*

Tarime,
10 Novemba 2024

Bibi, shikamoo. Nisamehe kwa kunyamaza.

Nilinyamaza kwa sababu sikukutii.

Chupa yako ilipofika niliifungua, nikanusa, nikasita. Ilikuwa na ule uchachu wa dumu langu. Nikajisemea, wewe Wegesa ni nani wa kubishana na Bibi? Miwili nikaipa kama ulivyosema. Wa tatu nikauhamisha. Nilitoboa kopo la mafuta kwa msumari, nikaweka udongo wenye mchanga, nikauficha kwa Elieth, dirisha lake la mashariki, ili hata mimi nisiuone nikaona aibu. Ule nilikuwa naupa maji ya bomba tu, tena nikizamisha kidole udongoni kikatoka kikavu.

Ile miwili ilikufa kabla ya tarehe ishirini na tano. Nikashindwa kuandika. Ningekuambiaje kwamba ile niliyoipa maji yako ndiyo iliyokufa?

Bibi, wa tatu upo. Una majani sita, na asubuhi hii umetoa kimkono, umeshika pazia la Elieth. Anasema pazia hilo sasa ni lako.

Mvua imeanza huku. Shemeji wa Elieth ana shamba lenye uzio Nyamwaga, amekubali tuupande huko. Au niulete nyumbani?

Wegesa

*

Nyambureti,
16 Novemba 2024

Marahaba, marahaba, marahaba.

Agustina amesoma mara tatu. Mara ya kwanza nilikuwa nimesimama, nikakaa.

Usiulete. Tembo walipita tena juzi. Upande hukohuko Nyamwaga, uende na jembe mwenyewe, usimtume mtu. Na hiyo mbegu kuanzia leo siyo yangu. Ukivuna, mimi ndiye nitakayekuomba. Nitaomba mbili. Ukininyima nitapanda gari na hili goti nije kukaa mlangoni kwako mpaka majirani waulize.

Ungenitii hata kwa mche wa tatu tungekuwa tunalia sasa hivi. Usizoee, lakini.

Sasa nataka nioteshe ndani na mimi, maboga yale manne yamenipa hamu. Nieleze taratibu, kama unavyomweleza mtu asiyejua kitu. Mashimo ulitoboa mangapi? Mchanga kiasi gani kwa udongo? Na hicho kidole, ulikuwa unakizamisha mpaka wapi?

Bibi yako,
Mokami